Soksi ya Kidole Gumba

Pale kiwandani wananiita Redio, na sioni haya kusema kwamba jina limenikaa. Nikisikia jambo asubuhi tunapoingia, kufika saa ya chai hata walinzi wa getini wameshalijua. Kwa hiyo habari ya Mama Vipande isimuliwe na mimi, si na mwingine. Miaka yote ile cherehani yangu ilikuwa ubavuni mwa cherehani yake, na hao wengine wanaojidai kumjua walikuwa wanamwona mgongo tu.

Kiwanda chetu ni cha magodoro. Sponji huingia likiwa bonge kubwa kama chumba, likakatwa, likavalishwa kitambaa, kisha sisi wa ushonaji tukalizungushia utepe kwenye kingo. Ndiyo kazi yenyewe. Unazungusha, unashona, unazungusha tena. Jioni umeshona ukingo wa kuzunguka mtaa mzima, na hakuna godoro hata moja unaloweza kulinyooshea kidole ukasema hili ni langu. Vumbi la sponji hukaa kwenye nyusi, kwenye chai, hadi nyuma ya masikio. Mume wangu husema nikipiga chafya nyumbani anatafuta shuka la kutandika.

Mama Vipande aliipata lakabu yake kwa sababu ya mfuko aliouweka chini ya cherehani. Kila kilichoanguka kiliishia humo: kitambaa cha pembeni, utepe uliokatika, sponji lililoliwa vibaya na mashine, na vile vibomba vya karatasi ngumu vinavyobaki uzi ukiisha. Sisi wengine saa ya chai tulikuwa tunapiga soga. Yeye alipiga soga vilevile, tena kwa sauti, huku mikono ikikata, ikikunja na kushona kwa sindano ya kawaida.

Vitu alivyotengeneza havikuwa vigumu. Ukivitazama unasema, hata mimi naweza. Siku moja nilimwambia hivyo hivyo, mdomo huu.

"Unaweza," akanijibu. "Mbona basi hujatengeneza?"

Nikanywa chai yangu.

Tofauti yake na sisi ilikuwa kwenye kutazama. Dereva wa lori alikuwa na tabia ya kukaa kiubavuubavu, akasokota kiuno safari nzima. Mama Vipande akamtengenezea mto mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, ambao ungemkera mtu mwingine yeyote akiukalia. Mama wa stoo kila saa alikuwa anatafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake mwenyewe. Akasukiwa kamba ya utepe ya kuivalia shingoni. Karani wa malipo alikuwa na kiwiko cheusi kwa kuegemea meza, akapata kijimto cha kiwiko, chenye mfuko pembeni wa kalamu. Hakuna aliyeulizwa anataka nini. Mama Vipande alikuwa akisema ukimuuliza mtu anataka nini, atakutajia alichokiona dukani.

Alikuja mama mmoja mwenye duka la mapazia, akauona ule mto wa dereva, akataka amshonee mingi ya namna ile auze. Tukadhani mwenzetu ametoka kimaisha. Yeye akamjibu kwa upole kabisa kwamba mgongo alioupimia ni wa dereva, na hao wateja wa dukani migongo yao haijui. Mwenye duka akaondoka akitikisa kichwa. Mimi nilikasirika kwa niaba yake siku nzima, nikamwambia Mama Vipande ana kichwa kigumu. Hakubisha.

Sasa, zawadi hizi zilikuwa na wakati wake: ulipewa unapoondoka kiwandani. Iwe umepata kazi kwingine, umestaafu, au umeonyeshwa mlango, siku yako ya mwisho Mama Vipande alikufuata na kitu kilichofungwa kwa utepe. Hiyo haikuwa taabu. Taabu ilikuwa kwamba yeye alianza kukushonea kabla wewe mwenyewe hujatangaza kuondoka. Nilimuuliza anajuaje, akacheka. Alisema mtu anayetaka kuondoka huhamisha vitu vyake kimyakimya, leo kikombe, kesho ndala, kesho kutwa mwavuli. Halafu huanza kuwasalimia vizuri watu aliokuwa hawasalimii.

Maelezo yenyewe yalikuwa mepesi kiasi hicho, lakini nani alitaka kuyasikiliza? Watu waliamini wanachotaka. Ikawa inasemwa kwamba Mama Vipande akikupima kwa macho, fungasha. Bwana wa gundi alifika mahali akawa anapita mbele ya cherehani yake kwa ubavu, kama anapita ukingoni mwa shimo, asimwonyeshe mgongo. Watu wazima, wenye watoto wanaosoma.

Mtu pekee aliyekuwa akimsogelea bila wasiwasi ni Fundi Kisu.

Huyu alikuwa mkataji. Mashine hukata yaliyonyooka, lakini magodoro ya duara na ya kona za ajabuajabu yalikuwa yake, kwa kisu kirefu na jicho lake. Alitumia mkono wa kushoto, peke yake katika jengo zima. Mpini wa kisu chake alikuwa ameuzungushia kitambaa kikachukua umbo la kiganja chake, na mtu mwingine akikishika kilimchezea. Kidole gumba cha mkono ule, kwa kukandamiza mgongo wa kisu, kilikuwa kimeota sugu na kupasuka. Alikifunga plasta, plasta ikateleza, akatukana, akafunga nyingine. Alikuwa mtu wa maneno machache na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kulalamika. Mkewe alifariki zamani na watoto wake wana miji yao.

Saa ya chai alileta kreti lake tupu, akaligeuza, akaketi mbele ya Mama Vipande.

"Leo unaokota takataka gani?" ndiyo ilikuwa salamu yake.

Na huku anasema hivyo, mkononi ana vipande vya sponji alivyomchagulia, safi, vilivyonyooka, hata vumbi amevipangusa. Alivitupa mezani kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani.

"Ahsante kwa takataka," Mama Vipande alimjibu.

Kisha walianza kubishana. Walibishania chumvi ya chakula, mvua kama itanyesha, tarehe ya leo, kila kitu. Lakini sikuwahi kumwona mmoja wao akianza chai kabla mwenzake hajafika. Mama Vipande na mumewe waliachana kabla sijamjua, kwa hiyo na mimi nikaanza kuwachokoza, nikiuliza nishone lini nguo ya sherehe. Mama Vipande alicheka. Fundi Kisu aliniambia, "Redio, badilisha stesheni."

Basi, wakati mmoja meneja mpya alipita na wageni wawili wenye futi, wakapima kuta, wakapima dari, wakanong'ona, wakaondoka. Kufumba na kufumbua kiwanda kizima kikawa na habari moja, kwamba watu wanapunguzwa. Safari hii haikuanzia kwangu, mimi niliipata ikiwa imeshachakaa. Watu wakaacha kucheka. Karani mpya wa malipo akaulizwa na kila anayepita dirishani pake, naye hajui lolote.

Siku hiyo ninayoisema, Mama Vipande alikuwa ameenda stoo kuchukua uzi. Mezani kwake kulikuwa na kitu amekifunika kwa kitambaa. Fundi Kisu akafika mapema na vipande vyake, akavitupa kama kawaida, na kile kitambaa kikasogea.

Chini yake kulikuwa na kitu kama soksi ya kidole gumba. Kilishonwa kwa kitambaa kizito cha mistari, ndani kimewekwa sponji jembamba, kikashuka na kipande cha kufunika kiganja, na kamba ya kufunga kwenye mkono. Hakikuhitaji maelezo. Kilikuwa cha mkono wa kushoto.

Akakiinua. Akaingiza kidole. Kikamkaa kama ngozi.

Nikamwambia, "Kimekupendeza." Ujinga wangu mimi, nilikuwa sijafikiri lolote.

Fundi Kisu hakunitazama. "Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Akakivua polepole, akakirudisha, akakifunika na kitambaa vilevile alivyokikuta, akanyoosha na zile kona. Kisha akaelekea ofisini kwa meneja. Nikamfuata kwa mbali. Ningeachaje?

Mlango wa meneja huwa wazi kwa sababu ya joto. Fundi Kisu hakuketi.

"Usijisumbue kunitafutia maneno mazuri," alisema. "Ninaondoka mwenyewe."

Kisha akamtolea uvivu. Alimwambia hajui kutofautisha godoro na zulia. Alimwambia gundi aliyoleta inanuka hadi watu wanaota ndoto mbaya. Alimwambia chai ya kiwandani ni maji yaliyoonyeshwa majani ya chai kwa mbali. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile tangu nimjue, na yote yalitoka kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Fundi Kisu akatoka, akachukua kisu chake akakifunga kwenye kitambaa, akachukua kikombe, akashika njia ya getini.

Nilimkuta Mama Vipande ndiyo kwanza anarudi na uzi. Nikamwambia kila kitu bila kupumua. Akaketi. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake ikitulia mapajani.

"Alikivaa?" akaniuliza.

"Alikivaa."

"Kilimkaa?"

Hasira zikanipanda. "Mtu amepoteza kazi, wewe unauliza kama kilimkaa?"

"Nataka kujua."

"Kilimkaa."

"Vizuri," akasema, akasimama. "Twende."

Sikujua kama ninahitajika, lakini aliposema twende sikusubiri anifafanulie. Tukaingia kwa meneja. Mama Vipande akamuuliza waziwazi, bila kuzungukazunguka, kama Fundi Kisu alikuwa anapunguzwa.

"Nani amesema napunguza watu?" meneja akauliza. Bado alikuwa amechanganyikiwa, maskini. "Wale wageni walikuja kupima mahali pa kufunga feni za kunyonya vumbi. Nimpunguze mkataji ili iweje? Nani atakata maduara? Lakini sasa, mama, kwa maneno aliyonitolea mimi hapa..."

"Ya chai ni kweli," Mama Vipande akasema.

"Ya chai nimeyasikia," meneja akasema.

"Akija kukuomba radhi, utampokea?"

"Akija mwenyewe. Na iwe leo." Kisha meneja akataka kusema jambo jingine, akamtazama Mama Vipande, akanitazama mimi, akaghairi.

Fundi Kisu tulimkuta kwenye benchi la walinzi, kisu mapajani, kikombe pembeni, anatazama barabara. Alipomwona Mama Vipande aligeuza uso upande wa pili.

"Hukuwa na haja ya kunificha," akasema. "Wengine wote unawashonea mbele ya macho yao."

"Nani amekufukuza?"

"Wewe unajua. Umeshanishonea."

"Nimekushonea nini?"

"Kile cha kidole."

"Cha kufanyia nini?"

Mlinzi aliacha kujidai anasoma gazeti.

"Mtu aliyefukuzwa kazi," Mama Vipande akasema, "nimshonee kitu cha kukatia sponji? Nyumbani ukakate nini, mkate?"

Niliona jinsi neno lilivyomwingia. Alitazama kidole chake, akatazama kisu, kisha uso mzima ukamshuka. Kusema kweli hata mimi lilinipata wakati huohuo. Nilikiona kile kitu kwa macho yangu, na akili yangu yote haikufika pale. Tulishazoea kwamba zawadi ya Mama Vipande ni kwaheri, tukaacha kuangalia zawadi yenyewe ni nini.

"Hakuna anayepunguzwa," Mama Vipande akaendelea. "Wale walipima mahali pa feni. Meneja anakusubiri."

"Sasa ulikishona cha nini?"

"Kidole chako kinapasuka, na nimechoka kukuta damu kwenye takataka zangu. Nenda ofisini."

"Siwezi kumwomba radhi mtu mwenye chai kama ile."

"Mwombe kwa ya zulia na ya gundi. Ya chai yaache palepale yalipo."

Akakaa kidogo. Nilimjua, nilijua anapambana na kiburi chake, nami nilimhofia kwa sababu mtu wa umri ule akitoka kwenye geti lile hapati geti jingine. Watu wa kukata kwa mkono hawatafutwi tena popote. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mimi. Mama Vipande hakumsihi wala hakumshika mkono. Alisimama tu mbele yake akiwa na uhakika wake ule, mpaka Fundi Kisu akainuka.

Safari hii aliingia ofisini bila kisu, amempa mlinzi amshikie. Alisimama katikati ya chumba.

"Nilisema maneno ya mtu mwenye hofu," akamwambia meneja. "Nakuomba radhi. Na naomba kazi yangu."

Kwa mtu mwingine hayo ni maneno ya kawaida. Kwa Fundi Kisu ilikuwa kama kung'oa jino bila ganzi, na mimi nje ya mlango nilikuwa nimeuma kidole. Meneja alimtazama, akavuta karatasi fulani mezani, akazirudisha tena.

"Kuna oda ya duara imeingia asubuhi," akasema. "Mashine inaitazama tu. Ukishakunywa hiyo chai mbovu, uianze."

Tulirudi kwenye chumba cha ushonaji kila mtu akiwa ameshapata habari, na sijui ni nani aliyezisambaza. Fundi Kisu akaligeuza kreti lake, akaketi mahali pake. Mama Vipande akamletea ile soksi ya kidole, safari hii bila kuifunika, akaanza kumfungia kamba mkononi. Kisha akasita, akaniambia, "Redio, waite wote."

Nikawaita. Akavuta ule mfuko chini ya cherehani, na ndani hamkuwa na vipande tena. Zilikuwa zawadi. Bwana wa gundi akapewa kitambaa cha kufungia pua, kilichoshonewa utepe laini nyuma ya masikio kwa sababu masikio yake ni makubwa na kamba za dukani humkata. Mama wa kupanga magodoro akapata vijimto vya magoti. Mimi nilipewa zulia dogo la mguu mmoja. Mguu wangu wa kulia huwa kwenye pedali, wa kushoto nimezoea kuuvua kiatu nikaukanyagisha sementi baridi mwaka mzima, halafu nalalamika kwamba unaniuma. Zulia lile lilikuwa na umbo la mguu wangu wa kushoto, na vidole vyake vilivyotawanyika. Macho yalinijaa machozi na sikuyaficha.

Kisha watu wakaanza kutazamana, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika zawadi, na kila mmoja alijua zawadi ya Mama Vipande maana yake nini.

Bwana wa gundi ndiye aliyethubutu. "Kwani tunafukuzwa wote?"

Mama Vipande alicheka hadi akashika meza. "Hakuna anayefukuzwa. Anayeondoka ni mimi. Mwisho wa mwezi. Meneja nilishamwambia."

Tukamuuliza kama anaumwa. Haumwi. Tukauliza kama ameudhiwa. Hajaudhiwa na mtu.

"Nimeshona magodoro ya kutosha nchi nzima ilale," alisema, "na sijawahi kumjua hata mtu mmoja anayeyalalia. Mikono bado ninayo, macho bado ninayo. Nitaweka cherehani pale chumbani kwangu, penye dirisha. Nitarekebisha nguo za watu wa mtaa, mtu amesimama mbele yangu namwona bega moja lilivyo chini. Nitakula kwa hilo. Muda utakaobaki nitashona ninachotaka, kwa ajili ya ninayemtaka." Alisema hivyo kama mtu anayetaja anachokwenda kununua sokoni. Hakukuwa na huzuni yoyote ndani yake, na kwa kweli hilo lilitunyima hata pa kuanzia kumbembeleza.

Watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Fundi Kisu peke yake alibaki amenyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, kamba imefungwa nusu. Chai yake ilikuwa mbele yake hajaigusa.

"Ningejua ni wewe unayeondoka," akasema, "nisingerudi kule ofisini."

Mama Vipande akaishika ile kamba, akamalizia kuifunga, akajaribu kwa kidole kama haikazi sana.

"Najua," akamjibu. "Ndiyo maana sikukwambia pale getini."